Mtoto aliyekuwa halii: nilivyomsifia mpwa wangu kwa kitu kilichokuwa kinamuumiza

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, Kongo.

Juzi kuna mwenzetu aliandika humu kwamba amemchukua mtoto wa marehemu kaka yake, na kwamba mtoto huyo ni mtulivu ajabu. Hasumbui, halii, ukimweka hapa utamkuta hapa hapa. Watu wakampongeza sana. Mimi niliisoma ile post mara mbili, nikaweka simu chini, na usingizi ukanikimbia.

Ndugu yangu, kama unapita humu, uzi huu ni wako. Nitasimulia yaliyonikuta kama yalivyokuwa. Kuna sehemu inanitia aibu, na nimejiapiza kwamba sitairuka, kwa sababu nikiiruka mtakuwa mmesoma stori ya mtu mwingine.

Kwanza mnifahamu kidogo. Naishi Musonoi, mtaa wa wachimbaji ulio pembeni ya mashimo makubwa ya shaba. Babu yangu alitoka Kasongo kuja kufanya biashara huku, akabaki. Kazi yangu ni makaratasi ya malori yanayobeba shaba kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Malori hutoka alfajiri, hivyo mimi hukesha kwenye maegesho na kulala mchana. Hilo la kulala mchana msilisahau, tutalirudia.

(Kiswahili changu mkikiona kimenyooka, washukuruni madereva wa Dar. Miaka yote hii wananicheka nikisema "batoto" na "bitu", mpaka nimejifunza kuandika kama nyinyi. Nyumbani tunaongea chetu.)

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Faila. Mume wake aliondoka kutafuta maisha na hakurudi wala kutuma habari. Faila akabaki na binti mmoja, Sifa. Ili wale, akawa anakwenda kuosha mawe na wanawake wenzake. Kwa wasiojua: wachimbaji wanatoa mawe yenye madini chini, wanawake wanayaponda, wanayachekecha na kuyaosha majini, kisha yanatiwa kwenye mifuko. Ni kazi ya kuinama kutoka asubuhi mpaka jioni, miguu ndani ya maji.

Siku moja ukingo wa udongo uliporomoka pale walipokuwa wanafanya kazi. Faila alikuwa chini yake.

Sifa alikuwa hajatimiza miaka miwili. Aliletwa kwangu jioni ile ile, amefungwa kwenye kitenge cha mtu mwingine, vumbi mpaka kwenye kope. Nyumba ilikuwa imejaa kilio. Watu wazima wanajitupa chini, mimi mwenyewe sikumbuki nilikuwa nasema nini. Yule mtoto alikaa katikati yetu anatutazama usoni mmoja mmoja, na hakutoa hata chozi.

Mama mmoja jirani akasema maneno ambayo wote tuliyapokea kama faraja:

"Mutoto ni mudogo, hajue kitu. Atasahau."

Wakuu, sisi tuliamini hivyo. Kwetu mtoto mdogo haambiwi kifo. Anaambiwa mama amesafiri. Picha za marehemu zinafichwa, jina lake halitajwi mbele ya mtoto, na watoto wakubwa wanaonywa wasiropoke. Inafanywa kwa upendo kabisa, ili asiumie. Basi mke wangu, Mama Rama, alimpakata akamwambia:

"Mama yako alienda safari. Atarudia. Bakia kwanza apa na sisi."

Yaani: baki hapa, mama atarudi. Yashikeni hayo maneno. Tulimwambia kwa nia njema, na tukamwambia tena kila alipoangalia mlango.

Maisha yakaendelea. Nina watoto wawili wa kuzaa, Ramazani na Zaina, na wote wawili wamerithi koo la bibi yao. Wakigombania kijiko, mtaa mzima unajua. Sifa yeye alikuwa kimya. Ukimpa bukari, yaani ugali wetu, atakula. Usipompa, hataomba. Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, ukirudi utamkuta kwenye mkeka, miguu ameikunja vile vile.

Wageni walikuwa wanamsifia. "Mutoto wa heshima," wanasema. Mimi nilijivuna. Nilikuwa nimelala mchana, wanangu wanapiga kelele, natoka na hasira nawaambia, "Muangalie Sifa. Yeye ananisumbua?" Nilimfanya yatima kuwa fimbo ya kuchapia wanangu, na nikaona ni malezi.

Kazini kwangu nakagua sili za malori, zile lakiri za mlangoni. Sili ikiwa haijakatwa, napiga mhuri na lori linaondoka. Kilichomo ndani sikifungui, si kazi yangu. Na huyu mtoto nilimchukulia hivyo hivyo.

Ila vitu vidogo vidogo vilianza kujitokeza.

Mke wangu alikuwa akitandua kitanda anakuta vipande vya mkate chini ya godoro, vimekauka, vingine vina ukungu. Tukamgombeza, tukadhani uroho. Kesho vipo tena, kwenye soksi.

Kuongea kulichelewa. Wenzake wa miaka mitatu wanasimulia mambo, yeye ana maneno sita saba, na anayasema kwa sauti ya chini kama anaomba radhi.

Kitanda alilowesha kila siku. Kubebwa mgongoni hakutaka. Siku Mama Rama alipomfunga kitenge kwa nguvu ili awahi sokoni, alimng'ata bega mpaka damu ikatoka. Mtoto yule yule mpole.

Na kingine ambacho mimi nilikiona cha kuchekesha: mifuko. Ile mifuko ya nailoni ya kutilia makaa au mahindi. Akiuona mfuko mtupu mahali popote, anakwenda kuukalia. Anakaa kimya, mikono juu ya magoti. Tulikuwa tunacheka, tunasema Sifa amepanda gari lake.

Cha mwisho ni king'ora. Mgodi wa jirani unalipua miamba. Kabla ya mlipuko king'ora kinalia, na sisi wa Musonoi tunajua la kufanya: unatoka nje ya nyumba, unasimama uani mbali na ukuta, unasubiri. Nyumba zetu ni za zamani na zina nyufa za kupitisha kidole. Watoto wa huku wanajua kutoka nje kabla hawajajua kuhesabu. Sifa yeye king'ora kikilia anaganda. Inabidi umbebe kama kigogo, na mara nyingi anakuwa tayari amejikojolea.

Sasa unganisha hayo yote kwa macho ya mtaa wetu. Mtoto halii. Anaficha mkate. Anang'ata. Mama yake alikufa yeye akabaki hai palepale. Mnajua huku kwetu neno gani linafuata.

Jirani yetu mmoja, nitamwita Mama Jolie, alimvuta mke wangu pembeni:

"Mama Rama, ule mutoto haiko wa bure. Alikula mama yake. Sasa ataanza na batoto yako."

Bulozi. Uchawi. Wakuu, neno hilo likishamkalia mtoto huku kwetu, kulitoa ni kazi. Kuna watoto wanalala sokoni leo kwa sababu ya neno hilo tu, na wana ndugu mjini humu humu.

Mama Rama hakulikubali, lakini hakulisahau pia. Zaina alipopata homa wiki hiyo, niliona mke wangu anamhamisha Sifa akalale chumba kingine. Hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye ana shangazi kule kwao Lubudi, mkulima, anaishi peke yake karibu na reli. Labda Sifa akakae huko. Hewa ya shamba, hakuna milipuko, na maneno ya watu yatakufa.

Nikakubali. Kwa haraka iliyonishangaza mwenyewe. Nikazungumza na dereva mmoja anayepita njia ile, tukapanga ampeleke siku ya Jumatatu. Nguo zake zilikuwa chache, zikaenea kwenye mkoba mmoja wa shule.

Sifa alikuwa anatutazama tunapanga. Alikuwa na miaka minne.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, Mama Rama alikuwa anasafisha nyumba. Jiko letu liko uani, kibanda cha matofali. Akamkalisha Sifa humo ndani juu ya mfuko mtupu wa makaa, akamwambia asimkanyagie sakafu mbichi:

"Bakia apa. Usitoke. Nitakuitia."

King'ora kikalia. Niliamka, nikatoka na msuli kiunoni. Ramazani na Zaina tayari wako uani, Mama Rama ana kitambaa cha kupigia deki mkononi. Tunahesabu vichwa, mmoja hayupo.

Namwona kupitia mlango wa jiko. Kakaa juu ya mfuko.

Nikamwita, "Sifa, toka." Ananitazama. Nikaita tena kwa ukali, "Sifa, kuya apa!" Ananitazama tu. Naapa aliniona na alinisikia. Macho yake yalikuwa yanasema kitu ambacho sikukijua. Nilidhani ni ukaidi, na kwa hasira, badala ya kukimbia kwenda kumchukua, nilisimama nikaita mara ya tatu.

Hapo ndipo mlipuko ulipopiga.

Ukuta wa nyuma wa jiko uliingia ndani. Haukuanguka wote, ila matofali kama ya mkokoteni mmoja hivi. Vumbi likatoka mlangoni.

Niliingia napapasa. Nilimkuta amekaa vile vile. Tofali moja lilikuwa limetua kiasi cha shibiri kutoka gotini kwake, kidole cha mguu kinavuja damu, vumbi mpaka kwenye kope kama siku ile alipoletwa. Halii. Nikambeba, na nilipofika nje nikahisi kuna kitu kinaburuta nyuma yangu. Alikuwa ameushika ule mfuko kwa mikono miwili, na hakuuachia.

Watu wakajaa uani kutazama ukuta, kama ilivyo kawaida. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja muuza karanga, mwembamba, hatukumjua. Alisimama akamwangalia Sifa na ule mfuko kwa muda mrefu. Kisha akauliza:

"Huyu haiko mutoto ya Faila?"

Anaitwa Mama Ngoie. Alikuwa anaosha mawe pamoja na mdogo wangu, na baada ya siku ile hakurudi tena majini, akaanza kuuza karanga. Yeye ndiye aliyekuwa amemfunga Sifa kwenye kitenge chake na kumkabidhi kwa watu wamlete kwetu. Miaka miwili na zaidi nilikuwa na kitenge chake kabatini bila kujua ni cha nani.

Tukamketisha. Akatueleza, na mimi nawaandikia kama alivyosema, kwa sababu sina namna nyingine ya kuyasema (yulu ni juu, mayi ni maji, bulongo ni udongo):

"Faila alimukalisha yulu ya mufuko, mbali kidogo na mayi. Akamuambia: bakia apa, usitoke, ninakuya. Mutoto alilia sana asubui ile, alikuwa anamuita. Kisha bulongo ikaanguka. Batu bote bakakimbia. Tulichimba na mikono mpaka mangaribi. Nani alikuwa anakumbuka mutoto? Mi njo nilimukumbuka, jua inashuka. Nilimukuta pale pale yulu ya mufuko. Alikuwa amenyamaza."



Asubuhi mpaka machweo, wakuu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Watu wanapita mbio mbele yake, wanapiga mayowe, wanachimba, na yeye ameambiwa asitoke mpaka mama arudi. Alilia, hakuna aliyekuja. Akaacha.

Na sisi tukamchukua, tukamwambia nini? Baki hapa, mama atarudi.

Sasa nafika pale niliposema sitaruka.

Kwa nini Sifa alikuwa kule kwenye mawe? Wanawake wengi wanaenda na watoto, ni kweli. Lakini Faila hakutaka. Wiki ile ile alikuja kwangu mchana, akanikuta nimelala, akaniamsha. Akaniomba mtoto ashinde kwangu awe anamchukua jioni. Sifa alikuwa mgongoni kwake anapiga kelele, kelele za kweli kweli, meno yalikuwa yanaota. Mimi nimetoka kukesha, kichwa kinagonga. Nikamwambia mdogo wangu, na haya ni maneno yangu mwenyewe:

"Faila, mutoto yako analia sana. Mi ninalala muchana. Akiisha kuacha kulia, utamuleta."

Hakubishana. Faila hakuwa mtu wa kubishana. Akasema, "Aya, yaya," yaya ndiyo kaka kwetu, akaondoka.

Na kweli, Sifa aliletwa alipoacha kulia.

Hilo sikuwahi kumwambia mtu mpaka siku hiyo uani. Nilimwambia mke wangu watu walipotawanyika. Nilidhani atanilaani. Alikaa chini kwenye kizingiti, akasema kwamba na yeye alipofiwa na mama yake huko Lubudi, wakubwa walimwambia mama amepanda treni. Alikuwa na miaka mitano. Kwa muda mrefu kila treni ikiingia alikuwa anakimbilia stesheni kutazama wanaoshuka.

"Na mi nikamuambia Sifa vile vile," akasema. Akalia sana. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na mbili na sikujua habari ya stesheni.

Safari ya Jumatatu ikafa pale. Nilimpigia dereva nikamwambia aende zake.

Lakini kufuta safari si dawa. Tulikuwa tumejua kilichotokea, hatukujua la kufanya. Mama Ngoie ndiye aliyetutuma kwa mwalimu mmoja wa shule ya chekechea, Mama Kapinga, mjane wa makamo, ambaye amekaa na watoto wa wachimbaji maisha yake yote. Mimi Muislamu yeye Mkatoliki, alitupokea bila maswali ya hayo.

Nilimwuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mnalo: mtoto wa umri ule anakumbuka nini? Hana hata maneno.

Akasema ndiyo maana yenyewe. Mtu mzima akipata balaa ana maneno ya kuliweka, atasimulia, atalia, ataulizwa. Mtoto mchanga hana pa kuliweka isipokuwa mwilini. Na miaka ile ya mwanzo ndiyo anajengwa: anajifunza dunia ikoje, watu wanakujaje ukiwaita, sauti gani ni ya hatari. Kama somo la kwanza ni kwamba ukiita hakuna anayekuja, atakua akilishika somo hilo hata nyumba iwe imejaa watu wanaompenda. Nguvu ambazo wenzake wanatumia kujifunza kuongea na kucheza, yeye anazitumia kujilinda. Kwa hiyo maneno yanachelewa, mkojo unatoka, mkate unafichwa. Hachagui kufanya hivyo. Kwake ile siku haijaisha.

Kisha akaniita tata, yaani baba, akasema neno ambalo nalirudia kichwani mpaka leo:

"Tata, mutoto mwenye kulia, ni kusema anatumaini mutu atakuya. Huyu hana bulozi. Aliacha tu kutumaini."

Nilikuwa nimemsifia kwa hilo. Miaka miwili namsifia mtoto kwa kukata tamaa.

Nilimwuliza kama atapona. Hakunipa maneno matamu. Alisema watoto wadogo wana uwezo mkubwa wa kujengeka upya, ila itakwenda polepole, na kwamba atatupima kwanza. Alisema pia wapo wanaohitaji wataalamu zaidi yake, na tusione aibu kutafuta.

Alitupa kazi za nyumbani, na nyingine zilionekana za kipuuzi. Mkate tusimnyang'anye tena. Tumpe kopo lake lenye kifuniko, lake peke yake, lisikose kitu ndani. Basi. Tukampa kopo la maziwa ya unga. Ukisema "narudi", rudi, na urudi ulipoahidi, hata kama ni kutoka chooni. Usimfunge kitenge. Kitanda kikilowa, badilisha shuka bila hotuba. King'ora kikilia, mtu mmoja kazi yake iwe Sifa tu: kumshika mkono, kumwambia kinachotokea, kutoka naye. Hiyo ya king'ora niliichukua mimi. Siku hizi nalala na kandambili karibu na mlango.

Na akasema lazima aambiwe ukweli kuhusu mama yake. Hapo mimi na Mama Rama tulitazamana. Ni kinyume cha yote tuliyolelewa nayo. Tulichukua karibu mwezi kujikaza.

Siku tuliyoamua ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Nilitoa picha ya Faila kutoka chini ya sanduku. Sifa alikuwa uani, na kama kawaida yake, alikuwa juu ya mfuko. Nikakaa chini kwenye udongo ili macho yetu yalingane. Nikamwonyesha picha. Hakuigusa.

Nikamwambia: huyu ni mama yako Faila. Hakwenda safari. Tulikudanganya. Alikufa, udongo ulimwangukia. Hawezi kurudi. Hakukuacha, alitaka kurudi, akashindwa.

Ulimi wangu ulikuwa mchungu kama nimekula shubiri. Yeye alinitazama mdomoni nilipokuwa naongea. Nikadhani haelewi. Mke wangu nyuma yangu alikuwa ameshika ukuta.

Baada ya muda Sifa akaangalia chini, kwenye mfuko. Kisha akaniangalia mimi, akauliza kwa ile sauti yake ya chini:

"Nitoke?"

Wakuu, mimi ni mtu wa maegesho ya malori. Nimeona ajali barabarani na nimesaidia kubeba maiti. Hapo nilivunjika.

Nikamwambia, "Toka, mama. Toka."

Akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akasimama. Hakuja mikononi mwangu, msifikiri ni sinema. Alisimama kwenye udongo pembeni ya mfuko kama mtu asiyejua aende upande gani. Kisha akaenda kukaa kwenye kizingiti karibu na Mama Rama, bila kumgusa. Tukakaa hapo wote mpaka wanangu walipokuja kuuliza chakula kiko wapi.

Sasa ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Anaongea, lakini nyuma ya wenzake. Kitanda bado kinalowa milipuko ikifuatana. Kopo lake bado analo, ingawa siku moja alimmegea Zaina kipande, na tulifurahi kama tumealikwa harusini. Mama Jolie bado anatuangalia kwa jicho la pembeni, na mimi namsalimia kwa sauti kubwa makusudi kila siku. Mama Ngoie sasa ni ndugu, anakuja Jumapili na karanga zake. Kitenge chake tulimrudishia, akakikataa, akasema ni cha mtoto.

Kilio nacho kilikuja. Kilichelewa, karibu mwaka mzima baada ya siku ile ya picha.

Ilikuwa mchana, nimetoka kazini, nimelala usingizi ule wa kufa. Nikasikia ukelele ambao sikuujua. Nawajua wanangu wote kwa sauti, na huu haukuwa wa Ramazani wala wa Zaina. Nikatoka mbio nikidhani kuna aliyeungua.

Ramazani alikuwa amekula andazi la Sifa. Basi, andazi tu. Sifa alikuwa amelala chali uani, anapiga miguu chini, kamasi na machozi vimechanganyika, anapiga kelele kwa koo lote. Na katikati ya kelele alikuwa anaita, "Papa! Papa, alikula yangu!"

Alikuwa ananiita mimi.

Mama Rama alitoka jikoni na mikono ya unga, akasimama. Mama Jolie akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa nini mtoto analia hivyo. Nikamjibu, "Leka alie, mama. Mi niko."

Nikakaa chini, nikamvuta mapajani, akalia mpaka fulana yangu ikalowa. Sikumwambia nyamaza.

Nilichojifunza, na ndugu yangu wa ile post nakuomba ukichukue: wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tumezoea kulitumia hilo kwa watu wazima tu. Mtoto uliyempokea baada ya msiba akiwa mtulivu kupita kiasi, usikimbilie kushukuru. Chunguza aliona nini na alikaa wapi siku ile. Tafuta mtu aliyekuwepo. Mwambie mtoto ukweli kwa maneno madogo. Na anayesema mtoto hajui kitu, mwambie mtoto anajua, ila hana maneno ya kukuambia.

Kwa upande wangu, kuna jibu nililompa Faila ambalo siwezi kulifuta. Nimemwomba Mungu msamaha, na kwenye kaburi lake nimeomba pia. Sifa mwenyewe bado hajui sehemu yangu. Mama Kapinga anasema siku itafika atauliza, na nitatakiwa kumjibu bila kumficha, kama nilivyowaambia nyinyi leo. Nalihofia hilo kuliko kitu chochote.

Wenye uzoefu wa kulea watoto wa namna hii, niambieni mlifanyaje, hasa mliokuwa na deni la moyo kama langu. Walimu na wauguzi mliomo, nirekebisheni nilipokosea. Wa kunisema pia mniseme, nimekuja nimejiandaa.

Nitasoma majibu yenu baadaye. Saa hizi ni mchana, ilikuwa nilale, lakini huko uani kuna mtu analilia kalamu yake ya rangi na ananiita Papa. Ngoja niende.